Jina la Kwanza Kwenye Orodha ya Sajini

Tulimwita Sajini, na hakuwahi kuwa askari hata siku moja. Alikuwa mwalimu wa historia aliyekuja Riyadh kulinda milango ya vioo, na kile cheo chake kidogo alikipoteza kwa neno moja ambalo si yeye aliyelitamka. Nililitamka mimi. Naliweka hili mwanzoni kwa sababu nina tabia ya kuhesabu kila kitu mara mbili, na mtu wa tabia hiyo hana ruhusa ya kujifanya hakuona.

Zamu yetu ilikuwa ya walinzi ishirini na wawili, Wakenya watupu. Tulilinda jengo la maduka mtaa wa Sulimaniyah, tukalala Manfuha, kwenye nyumba kuukuu ambayo kuta zake zilitunza joto la mchana kama tanuri la mkate. Sajini alikuwa msimamizi wa zamu. Cheo hicho kilimpa filimbi, kalamu, na haki ya kulaumiwa kabla yetu.

Kwenye pasipoti umri wake ulikuwa umepunguzwa miaka tisa. Wakala wa Nairobi alimwambia Saudia haichukui mlinzi wa umri wake, akamzaa upya palepale ofisini. Siku ya kuzaliwa iliyoandikwa kwenye ikama, kile kibali cha kuishi, tulipiga makofi tukamwimbia, naye akatazama sakafu kama mtu aliyeingia kwenye sherehe ya jirani. Huyu ndiye mtu ambaye angekusimamisha dakika tano kukueleza kwa nini huwezi kuandika saa kumi na mbili kasorobo kama ulifika saa kumi na mbili kasoro dakika kumi na mbili.

Chini ya mto wake kulikuwa na kitabu kinene cha Kirusi kisicho na jalada. Zamani, enzi za Usovieti, alipelekwa huko kusomea ualimu, na bweni lao lilitunzwa na bibi mmoja mzee. Baba yake bibi huyo alikuwa askari wa miguu wa mfalme wa Urusi, katika kikosi kilichopewa jina la mji mdogo ambao, alivyosema Sajini, hata Warusi wenyewe huutafuta kwenye ramani kwa kidole. Kitabu kilikuwa historia ya kikosi hicho. Siku Sajini alipokuwa akifunga sanduku kurudi Kenya, bibi alimwekea kitabu juu ya nguo, akamwambia: kwetu hakuna anayekitaka tena, huenda kwenu.

"Huenda kwenu," Sajini alikuwa akirudia. "Mtu akikuambia hivyo utafanya nini?"

Mimi najua ningefanya nini. Kabla ya Saudia nilikuwa nauza mitumba Gikomba, na hapa Riyadh kila Ijumaa nilikuwa harajini, kule soko la vitu vilivyotumika, nikinunua simu zilizopasuka na kuziuza zikiwa zimepasuka kidogo. Nilimwambia wazi.

"Sajini, kipeleke hiki kwa watu wa vitu vya kale. Unatoka na simu mpya na chaja yake."

"Na nani atakisoma?"

"Anayenunua vitu vya kale hasomi, mzee. Anaweka kabatini."

"Basi kabati ninalo," akasema, akaupigapiga mto.

Alikuwa akikitafsiri kwa Kiswahili, kwenye madaftari ya shule, kwa mwandiko wa ubaoni. Kurasa mbili kwa siku, akitoka zamu, kabla ya kuvua sare. Wakati mwingine alikwama, akatuuliza. Siku moja alinyanyua kichwa na kusema, "Jamani, mtu aliyetembea siku tatu kwenye tope bila kulala, na bado anaambiwa asimame wima, mnamwitaje?"

"Mlinzi wa Sulimaniyah," akajibu Wafula kutoka kitanda cha juu.

Sajini aliliandika, halafu akalikata.

Nilidhani ni wazimu wa kawaida, ule wa mtu aliyekaa mbali na kwao akatafuta kitu cha kushikilia. Wengine walishika Biblia, wengine kamari za simu. Lakini kitabu kile kilikuwa kikituingia bila sisi kujua, na kiliingilia miguuni.

Mlinzi husimama kwa saa kumi na mbili. Soksi za kampuni zilikuwa za nailoni, na kufikia mwezi wa pili kila mmoja wetu alikuwa na vidole vinavyooza. Sajini alisoma mahali kwamba askari wa kikosi kile hawakujua soksi. Walifunga mguu kwa kitambaa cha mraba, kwa mpango maalumu, kisha wakavaa buti. Kitambaa kikilowa jasho unakigeuza upande mkavu unaendelea. Mimi nikatumwa harajini kutafuta kitambaa. Nilileta vilemba vyekundu vya madoadoa, vile wanavyovaa wenyeji kichwani, fungu zima, safi kabisa, nimevipata kwa mabishano ya nusu saa.

"Rudisha," akasema bila kuvigusa.

"Sajini, hii ni pamba ya kweli!"

"Kinachovaliwa kichwani na mwenye nyumba hakifungwi mguuni na mgeni. Rudisha, tafuta mashuka."

Nikapata mashuka ya flaneli. Akayakata kwa wembe, akatupanga ukutani kama watoto wa darasa la kwanza, akapiga magoti mbele ya kila mmoja kumwonyesha namna ya kuzungusha, kukaza kisigino, kulaza mkunjo ulipo unyayo. Mtu wa karibu miaka sitini, akishika miguu yetu ilivyokuwa. Baada ya wiki mbili harufu ya chumba ilibadilika. "Askari wa miguu huanza kufa miguuni," alisema, akiosha mikono. Ilikuwa methali yake mwenyewe. Sikuiona kwenye kitabu, maana siwezi kusoma Kirusi.

Chungu nacho kilitoka humo. Kule askari walikula kwa makundi, kila kundi na chungu chake, kila mtu na kijiko chake kilichofichwa ndani ya buti, na walichovya kwa zamu. Anayechovya mara mbili hupigwa kijiko cha paji la uso mbele ya wenzake. Sajini alitugawa vyungu vitatu. Chungu chetu kilikuwa na mimi, Wafula, Otieno, Kiprono, Barasa na wengine wawili, na yeye mwenyewe. Katika yote, hilo ndilo jambo lililoweza kumkasirisha: mtu kula peke yake. Alikuwa mpole kwa aliyelala zamuni, mpole kwa mlevi wa pombe za kificho, lakini ukionekana na sambusa kwenye karatasi umeelekea ukutani, ulikuwa na kesi.

Na bado alificha sukari ndani ya soksi. Soksi za nailoni za kampuni, hiyo ndiyo kazi aliyozipatia. Tulijua sote, tukanyamaza. Alihubiri ujasiri na akaogopa ngazi za umeme pale madukani. Alipanda zile za dharura, orofa nne, akifika juu anahema na kusema amekuwa akikagua milango. Aliishi na kitabu cha vita na hakuweza kutazama kuku akichinjwa.

Bendera hakuzipenda. Kikosi kikipoteza bendera vitani, alitueleza, kilifutwa, hata kama watu wamebaki hai. Kwa hiyo kulikuwa na kurasa nyingi za askari waliojizungushia kitambaa kifuani chini ya koti na kukatwakatwa wakikilinda. Wafula aliona ni ushujaa. Sajini alitikisa kichwa. "Kikosi ni chungu, kijana. Bendera haijawahi kumuuliza mtu kama amekula."

Alichokipenda, na kilichomuumiza, kilikuwa nyuma ya kitabu. Huko waliorodheshwa waliokufa tangu kikosi kianze. Nilimwona siku alipofika hapo. Maafisa walikuwa na majina, ya kwao na ya baba zao, na mahali walipoangukia. Chini yao mstari mmoja: askari wa kawaida, na namba. Vita vinavyofuata, vivyo hivyo. Maafisa kwa majina, wengine kwa jumla.

"Umeona?" aliniuliza, kidole kikiwa juu ya namba. "Huyu ni wewe. Huyu ni mimi."

"Angalau wamehesabiwa," nikasema. Kwangu mimi hicho si kitu kidogo.

"Kuhesabiwa si kuitwa," akasema. "Mbuzi pia huhesabiwa."

Basi kila asubuhi, saa kumi na moja na nusu, kabla ya basi kututoa Manfuha, tulipanga mstari uani na Sajini akaita majina. Kampuni haikutaka majina, ilitaka jumla. Yeye aliita matatu matatu, lako, la baba na la ukoo, na alingoja jibu. Jirani hakujibii "Yupo"; unajijibia mwenyewe, "Niko!", kwa sauti. Kama hukujibu alirudia mpaka ujibu. Mimi nilisimama wa kwanza kulia. Yeye alidhani ni kwa nidhamu. Nilikuwa karibu na mahali gari la kampuni liliposhusha kifungua kinywa.

Barasa alikufa mwezi wa nane. Alikuwa mtu wa Bungoma, mwenye birika pekee la umeme nyumba nzima na kicheko kilichomtangulia kila aingiapo. Alipangiwa mlango wa chini, kule magari yanakoingia, ambako hewa ni moshi na joto tu. Alirudi mchana mmoja, akasema anajinyoosha kidogo, chai isipoe. Hospitali iliandika moyo. Tukatoa soksi ya Sajini, tukaweka sukari kwenye chai ile, hatukujua tuifanye nini.

Mkewe, mama Neema, alianza kupiga simu siku hiyohiyo. Alikuwa na sauti ya mtu anayeshikilia mlango usifunguke.

"Shemeji, mwili unafika lini?"

"Karatasi zinatengenezwa, mama," tukamjibu. "Kampuni ikishasaini tu."

"Wazee wanauliza. Kaburi hatuchimbi likae wazi usiku, mnajua. Niambieni ndege, nami niwaambie wachimbe."

Huo ndio ulikuwa mzigo wetu, hakuna mwingine: Barasa afike Bungoma. Na ili afike, ofisi kuu ya kampuni, iliyokuwa Jeddah, ilitakiwa kufunga faili lake na kusaini kwamba hana kazi tena kwao. Saini moja.

Jioni hiyo, kabla ya kurudi kazini asubuhi yake, Sajini alitusomea kipande. Kulikuwa na kikosi kingine, jirani ya kile cha kwenye kitabu, kilichokuwa milimani kusini. Askari mmoja wa kawaida, si afisa, alijilipua pamoja na ghala la baruti ili ngome isitekwe. Mfalme akaamuru jina lake lisitolewe kamwe kwenye orodha. Likawa la kwanza kuitwa kila siku, miaka na miaka, na likiitwa, askari aliyesimama wa kwanza kulia anajibu kwa niaba yake kwamba alikufa kwa heshima ya silaha za Urusi. Sajini alifunga daftari. "Askari wa kawaida," akarudia. "Kwa jina."

Hatukupiga kura. Asubuhi, alipotoa orodha, tulijua jina la kwanza litakuwa la nani.

"Barasa!" akaita, na la baba yake, na la ukoo.

Wa kwanza kulia nilikuwa mimi. Alikuwa amenielekeza niseme, "Alikufa zamuni." Nilifungua mdomo, nikamwona Kiprono amesimama wima, machozi yanamtoka bila kuyafuta, nikakumbuka kwamba Barasa yuko kwenye jokofu la hospitali, mwendo wa dakika ishirini tu kutoka pale, na kwao hawajachimba.

"Yupo," nikasema.

Sajini akaitikia kwa kichwa. "Sawa. Hajaondoka. Atakuwepo mpaka aondoke."

Ikawa ndiyo desturi yetu. Nzuri, na nitaitetea hata leo. Tatizo ni kwamba mashine ya kuchukua alama za vidole ilikuwa imekufa kabla ya Barasa, kwa jua lilelile, na wiki hiyo kampuni ilituletea karani mpya kutoka Jeddah wa kusimamia mahudhurio kwa karatasi. Kijana mzuri, hakutujua sura, na kwa Kiswahili alijua maneno mawili: yupo na hayupo. Alisimama kando ya Sajini akiwa na orodha yake mwenyewe, ya zamani, ambayo Barasa alikuwa bado humo. Jina likiitwa na sauti ikasikika, alitia alama.

Sajini hakuitazama karatasi ile. Alidhani kampuni inayojua mtu amekufa haiwezi kumtafuta mstarini. Mwalimu wa historia, na akadhani hivyo.

Lakini mimi nilihesabu. Siku ya kwanza gari lilileta vifungua kinywa ishirini na viwili: mkate wa tamisi, kikopo cha maharagwe, yai. Tulikuwa ishirini na mmoja. Nikahesabu tena vichwa, ishirini na mmoja. Pakiti, ishirini na mbili. Nilijua palepale kilichotokea, maana mtu aliyeuza mitumba anajua mzigo hauzidi bila mtu fulani kuandika vibaya mahali fulani. Ningemgusa karani bega, nikamwambia, "Ya habibi, huyu mafi, hayupo, amekufa." Ingechukua muda wa kumenya yai. Badala yake nilikula lile yai. Nilijiambia si kazi yangu. Kesho yake nikajiambia kampuni itagundua. Nilikula asubuhi kumi na moja, nimegeukia ukuta.

Siku ya kumi na mbili simu ilitoka Jeddah. Faili la Barasa limesimama. Hospitali inasema amekufa, mahudhurio yanasema amefika kazini kila siku, kwa wakati, bila hata siku moja ya ugonjwa. Hawawezi kusaini mpaka ijulikane nani mwongo. Kisha ukaanza uchunguzi, na uchunguzi wa kampuni hutembea kama askari wa miguu. Wiki ya tatu ikapita. Wiki ya nne. Mama Neema aliacha kuuliza ndege ipi. Alipiga simu akanyamaza, nasi tukanyamaza, mpaka salio likamwishia.

Wiki ya tano Sajini aliitwa Jeddah ajieleze. Kwa kuwa nina leseni, nilikuwa dereva wa dharura asiyetambuliwa kama dereva, nikapewa pikapu nimpeleke, na maboksi ya mashati ya sare nyuma.

Safari ile ni siku nzima ya mchanga kulia na mchanga kushoto. Alikuwa na kitabu mapajani na hakukifungua. Baada ya saa nyingi alisema kwamba kule zamani kijana akichukuliwa jeshini ilikuwa kwa miaka ishirini na mitano, kwa hiyo siku ya kuondoka familia ilimlilia kama maiti, wanawake wakapiga mayowe, halafu akaondoka kwa miguu yake mwenyewe huku anakaliwa matanga.

"Sisi ni miaka miwili miwili," nikasema.

"Ndiyo. Huwa tunakopeshwa kidogo kidogo."

Tuliposimama kunywa chai kituo cha mafuta, nikamwekea mpango mezani. Mimi mapatano ndiyo kazi yangu. Nilimwambia: karani ndiye aliyetia alama, hakutazama nyuso, hakuhesabu vichwa. Tumkabe karani. Kampuni haitataka kukubali kwamba ilimweka mtu asiyejua kuhesabu, itaogopa aibu, itasaini upesi na wewe utabaki na zamu yako. Nilikuwa nimeipanga vizuri sana. Sikutaja yai.

Alisikiliza mpaka mwisho, akipuliza chai.

"Itachukua muda gani, huko kukabana?"

"Wiki mbili. Tatu zikienda vibaya."

"Mpango wako mzuri," akasema. "Ila kati yetu anayengoja si wewe."

Meneja wa Jeddah hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka kama sisi, mezani kwake mafaili yamejaa mpaka kikombe kikakosa pa kukaa. Alituagizia chai. Alizungumza Kiingereza cha kujaribujaribu na Kiarabu pale Kiingereza kilipoisha, na Sajini akamfuata kotekote.

"Ustadh," akamwambia, "mimi nataka kuifunga hii. Familia yake wanataka mtu wao. Nipe karatasi moja, halas, yaishe. Nani aliitikia jina la marehemu?"

Nilikuwa mlangoni na maboksi. Hapo ndipo nilipotakiwa kusema mimi. Neno lenyewe si refu kuliko yupo. Nikafungua boksi nikahesabu mashati. Yalikuwa arobaini. Nikahesabu tena. Yalikuwa arobaini.

"Mimi," Sajini akasema. "Niliita mwenyewe, nikaitikia mwenyewe."

"Lakini kwa nini?"

"Asisahauliwe."

Meneja akamwombea Barasa rehema kwa sauti ya chini. Kisha akasukuma karatasi. "Lazima uandike hivi: nilitia uongo katika daftari la kazi. Sina njia nyingine ya kulieleza faili."

Mtu yule ambaye wakala alimpunguzia miaka tisa hakuwa ameandika uongo huo kwa mkono wake; alikuwa akituambia hivyo mara kwa mara, tukacheka. Sasa akaandika kwa mkono wake kwamba ameongopa, kwa ule mwandiko wa ubaoni, herufi zimesimama wima kila moja. Akasaini. Meneja akasaini faili la Barasa palepale, bila hata kupumua katikati.

Siku tisa baadaye Barasa alipanda ndege, na mama Neema akawaambia wachimbe. Sajini hakurudi Riyadh. Alivuliwa usimamizi, akaachwa Jeddah alinde ghala tupu kusini mwa mji, peke yake, mpaka mikataba yake iishe. Vitu vyake nilimpelekea mimi: sanduku, madaftari, mto, soksi ya sukari. Nilivihesabu mara mbili nisipoteze kitu, kana kwamba hapo ndipo hesabu ilipokuwa na maana.

Miaka miwili na ushee ikapita kabla sijamwona tena. Nilikuwa nimehamia Jeddah kuendesha gari la familia moja, madam mkali wa saa lakini mwenye huruma ya Ijumaa. Nilisikia kwamba Sajini anaondoka wiki inayofuata. Ijumaa hiyo alasiri nikanunua tamisi mbili za moto, mayai na maharagwe, nikaenda.

Ghala lilikuwa ukumbi mkubwa usio na kitu ila mwangwi. Alikuwa ameketi mlangoni kwenye kiti cha plastiki, miguu imefungwa flaneli, amekonda. Alinigeuzia sikio kabla ya uso. Mtoto wa jicho alikuwa ameyafunika macho yote mawili; aliona mwanga na umbo, basi.

"Hatua za mtu anayetafuta bei," akasema. "Karibu."

Tukala kwa kuchovya kwa zamu. Alikuwa amemaliza kutafsiri, daftari la kumi na tisa, kabla macho hayajafunga kabisa. Nikamuuliza kikosi kiliishaje.

"Kitabu hakijui. Kilichapwa kikosi kikiwa hai, kwa sherehe. Ukisoma mpaka mwisho, wote wapo, wanangoja gwaride." Alitafuta yai kwa vidole, nikamsogezea. "Bibi ndiye aliyeniambia. Msimu mmoja wa baridi amri ilikuja kwamba kikosi hakipo tena. Lakini askari walikuwa wameshaondoka mmoja mmoja, kwa miguu, kila mtu kwao. Hapakuwa na wa kusomewa amri. Baba yake alifika nyumbani na kijiko tu. Hilo nimeliandika mimi mwisho, kwa sababu karatasi haiwezi kubaki inasema wapo."

Nikalishika lile yai langu nisilile.

"Sajini. Yale mahudhurio. Vilikuja vifungua kinywa ishirini na viwili. Siku kumi na moja. Nilijua tangu siku ya kwanza."

"Uligeukia ukuta," akasema. "Unadhani aliyefundisha watoto hamsini kwa darasa haoni anayekula chini ya dawati? Nilidhani ni sambusa. Nikasema nikuache, tuko msibani." Akatafuna. "Ningekuja kukukemea kama desturi, ningeiona pakiti, tungejua. Kwa hiyo tulikuwa wawili."

"Na pale ofisini nilinyamaza."

"Ulikuwa unahesabu mashati."

Hakusema kwamba amenisamehe, na mimi sikumshinikiza. Kuna bei ambazo ukizitaja unaharibu biashara. Alinyoosha mkono ndani ya begi akatoa daftari jembamba, si la tafsiri. Nililitambua kwa madoa ya chai. Orodha ya zamu.

"Mimi sioni tena," akasema. "Nisomee. Nitasimama kulia."

Akasimama kweli, ameshika mgongo wa kiti. Nikaenda mbele yake, katika ukumbi ule mtupu, nikafungua ukurasa. La kwanza lilikuwa Barasa, na la baba yake, na la ukoo. Nikaita.

Akajinyoosha wima.

"Amefika nyumbani."

Wafula. "Dammam, anaendesha trela." Otieno. "Kisumu. Alifungua duka la vipuri, limefungwa." Kiprono. "Hajulikani," akasema. "Usimtoe." Nikaendelea, jina baada ya jina, matatu matatu, na kwa kila mmoja alikuwa na mahali: aliyeoa, aliyeokoka, aliyerudi akakuta shamba limeuzwa, waliohamia kampuni nyingine na bado wanasimama. Nilikuwa nikipiga hesabu moyoni bila kutaka. Ishirini na moja. Likabaki moja, la chini kabisa, kwa ule mwandiko wake wa ubaoni, na lilikuwa langu.

Ni kitu kigumu kujiita mwenyewe kwa sauti. Nililiita, langu, la baba yangu, na la ukoo, nikavuta pumzi nijijibie jinsi alivyotufundisha.

Aliniwahi.

"Yupo," akasema.